Mke wa Kamanda

Kilichoniudhi ni kwamba walimwondoa mke wa Kamanda. Mengine yote ningeyameza. Meli ya angani waliyoing'arisha ikafanana na choo cha hoteli, roboti aliyepewa utani wa vijana wa leo, maadui ambao sasa wana sababu zao na utoto wao mgumu, hayo ningeyavumilia, kwa sababu nimeishi miaka ya kutosha kujua kwamba watu wa filamu hawawezi kuona kitu kizuri kimetulia bila kukitia mkono. Lakini nilikaa vipindi vyote vinane, Jumamosi mbili mchana kutwa, kwenye kochi langu hapa Hurlingham, nikimngojea Kamanda aende dirishani azungumze na mkewe. Hakwenda. Kipindi cha nane kilipoisha, majina ya wapiga picha yakaanza kupanda kwenye skrini, nami nilikuwa bado nimeshika rimoti, nimefura kwa hasira kama mtu aliyeibiwa.

Sijui nyinyi wa rika langu mlikulia wapi. Sisi wa upande wa Dagoretti hatukukua tukitazama filamu, tulikua tukisimuliwa. Nyuma ya soko kulikuwa na chumba cha mabati cha Mama Shiro, tukikiita video tu, chenye mabenchi yasiyo na mgongo na gunia lililoning'inizwa mlangoni kuzuia jua. Runinga ilikaa juu, ndani ya kizimba cha chuma, na kando yake, juu ya kreti ya soda, alikaa DJ na kipaza sauti chake. Wazungu wakianza kuongea, DJ alipunguza sauti yao akatueleza kwa Kiswahili wanasema nini. Tulimlipia yeye, si wao. Filamu ile ile kwenye video nyingine, kwa DJ mwingine, ilikuwa filamu nyingine.

DJ wa kwa Mama Shiro alikuwa baba yangu. Asubuhi alichinja ng'ombe kwenye kichinjio, na saa saba mchana alikuwa ameshajisugua kwa sabuni ya kipande hadi viwikoni, ingawa mafuta ya ng'ombe hayakuwahi kumtoka kabisa. Mpaka leo nikiisikia harufu hiyo, sabuni kavu juu ya mafuta, huwa nasimama pale nilipo. Watu walimwita DJ Mapafu, kwa sababu ya sauti yake, na kwa sababu ya kifurushi cha mapafu alichobeba kila siku kwenda nacho nyumbani. Shule aliachia darasa la nne.

Alikuwa na kipaji cha kubatiza watu. Jina la Kizungu la ile filamu ya angani hatukulijua wala hatukulitaka. Sisi tuliiita Kamanda. Roboti wa melini aliitwa Karani, kwa sababu kila alipoulizwa jambo alijibu kwamba faili limepotea, rudi kesho. Maadui wenye makofia meusi walikuwa kanjo, askari wa jiji wanaokamata wachuuzi, na walipotokea tu ukumbi mzima ulipiga mbinja na akina mama wenye vikapu wakajifanya kuvificha chini ya benchi. Na ile sayari ya kijani ambayo Kamanda alikuwa akiitafuta, yenye miezi miwili, miti mirefu, njia tupu na watu wasiosalimiana, baba aliiita Kitisuru. Mimi niliamini Kitisuru ni sayari hadi nilipokuwa darasa la saba, basi la shule lilipopita penye kibao chenye jina hilo, katika mtaa wa matajiri hapa jijini. Nilichungulia juu kutafuta ile miezi miwili.

Katika kila kaseti kulikuwa na mahali vita vilipotulia. Kamanda alitembea peke yake hadi kwenye dirisha kubwa la mbele, nyota zikiwa nje, akasema maneno kwa dakika moja au mbili, polepole, bila mtu kumjibu. Hapo baba alishusha hata sauti yake mwenyewe. Wanaume wa kichinjio, ambao kwa kawaida walitafuna miwa na kutukana kanjo, walinyamaza kabisa.

"Mama watoto," Kamanda alisema kwa sauti ya baba, "leo wametupiga lakini tuko wazima. Mtoto amekula. Alikataa sukuma, nikamwambia hatoki kwa meza. Nywele nimemsuka mimi mwenyewe. Usicheke. Mistari imeenda kombo lakini imeshika."

Nami nilikaa pale mbele kabisa, pembeni ya spika, mistari ya kichwani mwangu ikiwa imeenda kombo, mdomoni nikiwa bado na ladha ya sukuma, nikiwaza jinsi dunia ilivyo ndogo. Kumbe Kamanda naye ana mtoto! Kumbe mtoto wake naye hapendi sukuma! Mtoto huyo hakuonyeshwa hata mara moja, lakini nilimpenda kuliko mtu yeyote melini. Nilimwona kichwani mwangu akiwa amefungiwa chumba fulani cha nyuma, akifanya hesabu zake huku baba yake akipigana.

Mama yangu alikuwa amefariki nikiwa na miaka sita. Sikuambiwa hivyo. Niliambiwa amepumzika. Baba alipanda basi kwenda kumzika kwetu magharibi, na mimi niliyekuwa na surua nikaachwa kwa Mama Shiro. Alirudi baada ya wiki moja akiwa amenyoa kichwa, akabadilisha shuka, akaweka picha ya mama ndani ya sanduku la chuma, na kuanzia hapo hakuna aliyemtaja nyumbani kwetu. Mimi nikaelewa kwamba ni jambo lisiloulizwa. Lakini mtoto lazima angoje kitu, kwa hiyo nikamngojea mke wa Kamanda. Nilijiambia kwamba huyo akirudi, basi watu hurudi.

"Baba, bibi ya Kamanda atarudi lini?" nilimuuliza siku moja akinoa kisu.

Alijaribu makali kwa kidole gumba. "Kaseti ya mwisho bado haijafika."

"Ikifika?"

"Ikifika tutaona."

Niliingoja kaseti hiyo miaka mitano. Kila Mama Shiro alipokuja na mfuko kutoka mjini, nilikuwa wa kwanza kuuchungulia.

Halafu nikajua Kizungu. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyojisikia: jana hukijui, leo unakijua. Nilikuwa darasa la sita, nimeshinda wenzangu wote katika insha, nimepewa kamusi kama zawadi mbele ya shule nzima, na kichwa changu kilikuwa kimevimba hata sweta ilipita kwa shida. Jumamosi hiyo nilikaa mahali pangu pembeni ya spika. Kutoka pale, ukitega sikio, ungeweza kuwasikia Wazungu wenyewe chini ya sauti ya baba. Kamanda akaenda dirishani. Baba akaanza, "Mama watoto, wiki hii mtoto wetu..." na chini yake, kwa mara ya kwanza, nikayasikia maneno ya Kamanda mwenyewe, waziwazi, moja baada ya jingine. Maji, kiasi fulani. Mafuta, kiasi fulani. Hewa, kiasi fulani. Mlango wa nne umefungwa.

Nilisimama. Niliona ni wajibu wangu.

"Baba, hajasema hivyo! Anasoma tu maji na mafuta!" Kisha nikawageukia watu, wote waliokuwa kwenye mabenchi. "Hajui Kizungu huyu! Anawadanganya!"

Kicheko kikazuka. Mwanamume mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Mapafu, umeshikwa na mtoi wako! Rudi shule!"

Baba alinitazama. Aliweka kipaza sauti juu ya paja lake, akanyoosha mkono, akapandisha sauti ya runinga. Kwa mara ya kwanza katika chumba kile Kamanda alijisemea mwenyewe, kwa Kizungu, maji na mafuta na hewa, na hakuna aliyeelewa ila mimi. Nilikaa chini. Nilikuwa na furaha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilikuwa na furaha.

Jioni alipika mapafu kama kawaida, akanipakulia vipande vikubwa. Jumamosi iliyofuata nilidai nina kazi ya shule, na iliyofuata vilevile, na baada ya hapo hakuniuliza tena. Ukweli ni kwamba nilimwonea aibu. Mueni, rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja, aliendelea kwenda, na ndiye aliyeniambia kwamba siku hizi Kamanda akifika dirishani DJ ananyamaza tu. Nikaona ni vizuri. Nikaona amejifunza.

Wala sikuacha kumwamini mke wa Kamanda. Ajabu ni hiyo. Nilijieleza kwamba mke yupo, ila baba kwa ujinga wake aliweka maneno yake mahali pasipo pake. Mahali fulani, katika kaseti fulani, Kamanda anazungumza na mkewe kwa maneno yake halisi, na siku moja nitayasikia kwa Kizungu safi, bila mtu wa kati. Nilikua na wazo hilo hata nikaacha kuliona kuwa ni wazo.

Video ya Mama Shiro ilikufa watu waliponunua runinga zao. Baba alizeeka, mgongo ukamkataa, nikamleta kukaa nami hapa Hurlingham. Jioni nilimwekea filamu, zile zenye maandishi ya Kizungu chini, nikiona ninamtunza. Alizitazama hadi mwisho, mikono magotini, bila kusema kitu. Alikuwa mtu aliyewahi kunyamazisha wachinjaji themanini kwa sauti yake, na mimi sikuwahi hata siku moja kumwambia, baba, nisimulie. Alifariki sebuleni kwangu, mchana, akiwa amelala kitini.

Miezi michache baadaye Mueni akanitumia tangazo kwenye simu. "Aiii, Nekesa! Wameirudisha Kamanda!" Ndiyo hivyo nikalipia, nikanunua njugu, nikaketi.

Mlishasikia nilivyoketi. Kipindi cha nane kilipoisha nilimpigia Mueni.

"Bibi yake ako wapi?" nilimuuliza.

"Ata mimi nashangaa! Wameharibu story kabisa. Hiyo part ya window ndio ilikuwa story yenyewe. Mimi nilikuwa nalia, wewe."

"Unaikumbuka?"

"Nani hawezi kuikumbuka? Ile ya kusuka nywele?"

Nikapata nguvu. Nilienda chini ya lile tangazo nikaandika lalamiko refu, kwa Kizungu kilichonyooka, nikiwaambia watengenezaji kwamba wameua moyo wa hadithi, kwamba mwanamume anayezungumza na mkewe kila siku bila kujibiwa ndiye tuliyempenda, si risasi zao. Saa moja baadaye mtu fulani wa nchi za mbali akanijibu kwa adabu. Mke gani? Kamanda hana mke wala mtoto. Yeye ameitazama ile ya zamani tangu alipokuwa mdogo, anaijua kwa moyo. Labda, akasema, ninaichanganya na nyingine.

Nilimtukana kimoyomoyo. Kisha nikaitafuta ile ya zamani, kwa maana siku hizi hakuna kinachopotea, nikaipata nzima, nikaanza kuitazama ili nimwaibishe. Niliomba ruhusa kazini siku tatu. Kamanda akaenda dirishani katika ya kwanza: maji, mafuta, hewa. Ya pili: maji, mafuta, hewa. Anatuma ripoti kituoni, basi, kama mlinzi anayeandika kitabu cha lango. Ile kaseti ya mwisho niliyoingoja miaka mitano nayo ilikuwepo. Kamanda anatua kwenye ile sayari ya kijani, anapewa nishani, anasimama peke yake. Hakuna mtu anayetoka nyuma ya miti kuja kumlaki.

Nilisimamisha picha mdomo wake ukiwa wazi. Nikakumbuka kwamba aliyekataa sukuma ni mimi. Mistari iliyokwenda kombo ilikuwa kichwani mwangu. Nina miaka zaidi ya arobaini, nina shahada, na nilihitaji mgeni wa ng'ambo anieleze kwamba baba yangu alikuwa akizungumza na mama yangu.

Nililia nikakauka, halafu likaja wazo jingine, baya zaidi. Mtu huyu hakuwa na kaburi la karibu la kwenda kukaa. Nyumbani alikuwa na mtoto asiyeweza kumwambia. Alikuwa na dirisha moja tu la kumsemesha mkewe, na mimi nilisimama na kamusi yangu nikalifunga mbele ya watu.

Nilimtafuta Mama Shiro kwa sababu sikuweza kukaa na jambo hilo peke yangu. Siku hizi anauza mapazia ya mitumba pale pale Dagoretti, amezeeka lakini macho bado yanachoma. Alinipokea kama wanavyopokea watu wa umri wake.

"Nekesa! Umenona. Bwana anakulisha ama unajilisha?"

"Najilisha, mama."

"Sawa. Pole ya baba, mwanangu. Kaa hapa kwa gunia."

Nilikaa. Nilimuuliza moja kwa moja, kwa kuwa ningezunguka ningeshindwa. "Mama Shiro, nyinyi mlijua? Hapo kwa dirisha. Mlijua anaongea na mama?"

Alikunja pazia alilokuwa nalo, akalilaza. "Nani hakujua? Hiyo video yote ilijua. Kwani unafikiria hao wanaume wa kichinjio walikuwa wananyamazia mzungu?"

"Na mbona hakuna mtu aliniambia?"

"Wewe? Wewe ulikuwa unakaa mbele kabisa. Sisi tulidhani wewe ndiye unajua kuliko sisi."

Mteja alikuja akashika pazia, akauliza kama lina pacha wake, akaondoka. Nilingoja afike mbali.

"Mimi ndiye nilimnyamazisha," nilisema. "Ile siku. Alikuwa na mahali pamoja tu pa kuongea na yeye, na nikamfunga mdomo. Hakuongea tena hapo. Mueni aliniambia."

"Nani amekwambia hakuongea tena?"

"Mueni."

"Mueni alikuwa anakuja Saturday. Monday mlikuwa shule." Mama Shiro alijisogeza, akanikaribia. "Hiyo Monday baba yako alikuja mapema. Akaniambia, Mama Shiro, niwekee ile kaseti ya juzi. Nikamwambia, Mapafu, watu wameiona juzi tu, watataka pesa yao. Akasema, weka. Nikaweka. Watu wakapiga kelele, lakini akawasimulia vizuri, wakatulia. Ikafika kwa dirisha."

Alinyoosha pindo la pazia kwa vidole. Nilifikiri amesahau.

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Mama watoto, yule msichana wako amesimama mbele ya watu akanisahihisha. Kwa Kizungu. Ile siku kwa hospitali uliniambia nisimtoe shule mpaka anishinde. Sasa amenishinda, na watu wameona. Mimi nimemaliza kuripoti. Wewe lala sasa.'"

Soko lilikuwa na kelele zake, mtu akiita bei ya viatu, mwingine akicheka. Mama Shiro alichukua pazia jingine akaanza kulikunja.

"Halafu akanyamaza," alisema. "Kuanzia hiyo siku Kamanda akifika hapo, anamwachia tu. Mimi nilimuuliza, Mapafu, umemkasirikia mtoto? Akaniangalia hivi, kama mimi ndio mjinga. Akaniambia, 'Nikasirike na nini? Nilikuwa nangoja hiyo siku miaka mitano.'"